Jiotekstaili: Kitambaa kinachozikwa chini ya reli kuzuia tope na kupitisha maji

WAKAZI wa Malinya, eneo la Ikolomani katika Kaunti ya Kakamega, hawana reli inayopita mlangoni pao. Iliyo karibu nao ni ile inayotoka Kisumu kupitia Luanda na Yala hadi Butere, yenye urefu wa takriban kilomita 69. Kaskazini mwa kaunti hiyo hiyo, reli kuu itokayo Nakuru kuelekea Malaba hupitia Lugari.

Hata hivyo, adui mkuu wa reli hizo ni yule yule wanayepambana naye kila msimu wa masika: maji yanayokwama udongoni. Kakamega hupokea mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Yeyote aliyewahi kusukuma gari lililokwama kwenye barabara ya udongo mwezi wa Mei anajua jinsi ardhi iliyokuwa ngumu mwezi wa Januari inavyogeuka uji.

Tangu miaka ya 1970, wahandisi wa reli katika mataifa mengi wamekuwa wakikabiliana na tatizo hilo kwa kuzika kitambaa maalumu chini ya kokoto za reli na ndani ya mitaro ya kando yake. Kitambaa hicho huitwa jiotekstaili.

Makala haya yanaeleza kitambaa hicho ni nini, kinafanya kazi gani, kinatandazwa vipi na, jambo lililo muhimu zaidi kwa mlipa kodi, ni wapi hakiwezi kusaidia.

Jina na asili yake

Neno jiotekstaili limetokana na sehemu mbili: 'jio' la Kigiriki, lenye maana ya ardhi, na 'tekstaili' lenye asili ya Kilatini, yaani kitu kilichofumwa. Aliyelibuni ni mhandisi Mfaransa, Jean-Pierre Giroud, na lilianza kutumika mwaka wa 1977, wakati wahandisi kutoka nchi mbalimbali walipokutana jijini Paris kujadili matumizi ya vitambaa katika ujenzi.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko jina. Mnamo 1926, idara ya barabara ya jimbo la South Carolina, Marekani, ilianza kujaribu kitambaa kizito cha pamba katika ujenzi wa barabara. Udhaifu wa pamba ni kwamba huoza. Ilibidi dunia isubiri nyuzi za plastiki, ambazo wadudu na ukungu wa udongoni hawazili, ndipo wazo hilo likapata nguvu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, vitambaa vya aina hiyo vilikuwa vimeanza kutumika kuzuia mawimbi yasizoe mchanga katika fukwe za Marekani na Uholanzi.

Kwa msomaji wa Magharibi mwa Kenya, kanuni ya chujio si ngeni. Akina mama wa Kiluhya wanaotengeneza musherekha, yaani magadi ya kienyeji ya kupikia mboga, huweka jivu ndani ya chombo chenye matundu, huku chini ya jivu hilo wakitandaza nyasi. Maji yakimwagwa juu hudondoka yakiwa safi, na jivu hubaki pale pale. Bila zile nyasi, jivu lingetoka pamoja na maji au lingeziba matundu.

Jiotekstaili hufanya kazi ya nyasi hizo, isipokuwa juu yake hupita garimoshi.

Reli inavyobeba mzigo

Ili kuelewa umuhimu wa kitambaa hicho, sharti kwanza tufahamu jinsi reli inavyobeba mzigo.

Magurudumu ya garimoshi hukanyaga vyuma viwili. Vyuma hivyo hushikiliwa na mataruma, yaani yale magogo ya mbao, chuma au zege yanayolala kwa mkingamo chini yake. Mataruma nayo hulazwa juu ya tabaka la kokoto ngumu zenye ncha, ambazo kwa kawaida huwa na ukubwa wa kati ya milimita 25 na 60. Tabaka hilo huwa na kina cha sentimita 25 hadi 35 hivi. Chini ya kokoto kuna tabaka la changarawe iliyoshindiliwa, na chini kabisa kuna udongo wa asili au wa tuta.

Kokoto hizo zina kazi tatu. Husambaza uzito wa garimoshi ili usilemee sehemu moja ya udongo. Hushikilia mataruma yasisogee. Aidha, kwa kuwa zina nafasi baina yake, huruhusu maji ya mvua kupita haraka na kuondoka.

Kazi zote tatu hutegemea jambo moja, nalo ni usafi wa nafasi zile. Zikijaa tope, kokoto huteleza badala ya kushikana, maji hukwama na reli huanza kuzama.

Tope hilo hutoka wapi? Sehemu yake hutokana na kokoto zenyewe zinaposagika na vumbi linapoanguka kutoka mabehewani. Sehemu nyingine hutoka chini. Kila gurudumu linapopita, udongo uliolowa hukandamizwa, na linapoondoka hufutuka. Kitendo hicho kikirudiwa maelfu ya mara kwa siku, tope jepesi hufyonzwa na kupanda juu kati ya kokoto kama maji yanavyopanda katika pampu ya kisima. Wakati huo huo, kokoto nazo huzama ndani ya udongo laini.

Dalili zake huonekana kwa macho. Kokoto hubadilika rangi na kuwa kama zimepakwa udongo, hasa mahali ambapo vyuma viwili vya reli vimeunganishwa. Mataruma huchezacheza garimoshi linapopita. Reli hupinda kidogo, dereva huamriwa kupunguza mwendo, na kama hatua hazikuchukuliwa, mabehewa huweza kuacha njia.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwenye udongo mweusi wa ufinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huo umetapakaa katika uwanda wa Kano, ambako reli ya Nakuru hadi Kisumu hupitia Miwani na Kibos kabla ya kufika ziwani.

Kazi nne za kitambaa

Wahandisi huipa jiotekstaili kazi nne kuu katika ujenzi wa reli.

Ya kwanza ni kutenganisha. Kitambaa hukaa baina ya kokoto au changarawe na udongo laini, na hivyo kila kimoja kikabaki mahali pake. Bila kizuizi hicho, mwanakandarasi anaweza kumwaga malori ya mawe kwenye kinamasi na yote yakamezwa.

Ya pili ni kuchuja. Kitambaa huruhusu maji yapite huku kikizuia chembechembe za udongo. Hapo ndipo kinapotofautiana na karatasi ya nailoni, ambayo huzuia vyote viwili na kuyafungia maji chini yake.

Ya tatu ni kuondoa maji. Baadhi ya vitambaa ni vinene kama blanketi, na maji huweza kusafiri ndani ya unene wake hadi kwenye mtaro wa kando.

Ya nne ni kuimarisha. Udongo haustahimili kuvutwa. Kitambaa chenye nyuzi imara hustahimili. Vikiwekwa pamoja, tuta hupata uthabiti ambao lisingeupata peke yake, kama udongo wa ukuta wa nyumba ya kienyeji unavyoshikiliwa na fito.

Aina zake

Malighafi inayotumiwa zaidi ni polipropilini, ikifuatwa na poliesta. Kwa jinsi vinavyotengenezwa, vitambaa hivyo hugawanyika katika makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni vile vilivyofumwa, ambavyo nyuzi zake hupishana kama za gunia la plastiki la sukari. Vitambaa hivyo ni imara vinapovutwa na hufaa zaidi kwa kuimarisha tuta.

Kundi la pili ni vile visivyofumwa. Nyuzi zake hutawanywa ovyo, kisha huchomwachomwa na maelfu ya sindano zenye vijino hadi zikashikana, au huunganishwa kwa joto. Mkenya anaweza kukumbuka mifuko ya kitambaa iliyoenea madukani baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017. Mingi ilitengenezwa kwa polipropilini isiyofumwa, jamaa wa karibu wa kitambaa cha reli. Tofauti ni kwamba mfuko ni mwembamba na huraruka upesi, ilhali kitambaa cha reli ni kizito mara nyingi zaidi.

Kwa kazi ya kuchuja na kuondoa maji chini ya reli, wahandisi wengi hupendelea vitambaa vinene vilivyochomwa kwa sindano, kwa kuwa maji hupita humo kwa wepesi na nyuzi zake hujikunja bila kukatika zinapokutana na ncha ya jiwe.

Kuchagua kitambaa

Kosa linalofanyika mara kwa mara katika miradi ya ujenzi ni kuagiza 'kitambaa' bila kutaja sifa zake, kana kwamba vyote ni sawa. Kuna mambo matatu ambayo sharti yapimwe kwanza.

Jambo la kwanza ni ukubwa wa vitundu. Vikiwa vikubwa mno, udongo utapenya. Vikiwa vidogo mno, vitaziba na maji yatakwama. Kwa hivyo, mhandisi hupima kwanza chembechembe za udongo wa mahali penyewe, kisha huchagua kitambaa ambacho vitundu vyake havizidi ukubwa wa chembe zilizo kubwa katika udongo huo. Chembe kubwa zikinaswa, zenyewe huwa chujio la chembe ndogo zilizo nyuma yake. Katika vitambaa vingi vinavyotumika kwa udongo laini, vitundu hivyo huwa vidogo kuliko robo ya milimita.

Jambo la pili ni kasi ya kupitisha maji. Kitambaa sharti kipitishe maji kwa wepesi kuliko udongo ulio chini yake. Wahandisi wengi hutaka kizidi udongo huo mara kumi au zaidi, ili hata kikiziba kwa sehemu bado kitoshe.

Jambo la tatu ni ustahimilivu. Chini ya reli, kitambaa husagwa na mawe mchana na usiku kwa miaka mingi. Gerald Raymond wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada aliongoza uchunguzi ambapo vitambaa vilifukuliwa kutoka chini ya reli zinazotumika. Vile vyepesi, na vile vilivyozikwa karibu mno na mataruma, vilikutwa vimetobolewa na kuchakaa. Tangu wakati huo, ushauri umekuwa kwamba kitambaa cha chini ya kokoto kiwe kizito, na kizikwe angalau sentimita 20 hadi 30 chini ya mataruma. Kina hicho hukinusuru pia na meno ya mashine zinazoshindilia kokoto wakati wa matengenezo.

Kutandaza

Ubora wa kitambaa hauna maana iwapo kitatandazwa vibaya. Kazi huanza kwa kusawazisha udongo na kuondoa visiki, mizizi na mawe yenye ncha. Uso wa udongo huo hupewa mteremko wa sentimita 3 hadi 4 kwa kila mita, kuelekea kwenye mtaro. Uso ukiachwa na mashimo, maji yatatuama humo na kitambaa hakitaweza kuyaondoa.

Kitambaa hufunguliwa kutoka kwenye robota lake bila mikunjo. Kipande kimoja hulazwa juu ya ncha ya kingine kwa sentimita 30 hadi 50, na zaidi ya hapo kwenye udongo laini mno, au vipande hushonwa pamoja. Lori haliruhusiwi kukikanyaga kabla ya kufunikwa. Changarawe humwagwa pembeni, kisha husukumwa mbele polepole ili magurudumu yawe juu ya changarawe wakati wote.

Adui mwingine ni jua. Polipropilini isiyofunikwa hudhoofishwa na miali ya jua, na kanuni za kandarasi nyingi hutaka kitambaa kifunikwe ndani ya wiki mbili hivi baada ya kutandazwa. Katika nchi zilizo kwenye Ikweta, kama yetu, robota za kitambaa zilizoachwa nje ya ghala kwa miezi bila kifuniko ni hasara iliyokwisha kuingia, hata kama kwa macho bado zinaonekana mpya.

Mitaro ya maji

Reli nzuri ni ile iliyo kavu. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuondoa maji hupewa uzito sawa na kazi ya kulaza vyuma.

Kuna maji ya juu, yaani mvua inayoanguka kwenye njia na mitelemko ya kando, na kuna maji ya chini, yanayopenya udongoni kutoka milimani. Maji ya juu hushughulikiwa kwa mitaro iliyo wazi na makalavati. Maji ya chini huhitaji mtaro uliofukiwa.

Mtaro wa aina hiyo huchimbwa kando ya njia, hupambwa ndani kwa jiotekstaili, hujazwa mawe safi, na mara nyingi huwekewa bomba lenye vitundu chini yake. Kisha kitambaa hukunjwa juu na kufunika mawe kama mtu anavyofunga mzigo kwa leso. Maji hupenya kutoka pande zote na kusafiri hadi mahali pa kumwagikia, na udongo hubaki nje.

Kwa Kiingereza mtaro huo huitwa wa Kifaransa, lakini hauna uhusiano na Ufaransa. Jina hilo linatokana na Henry Flagg French, mwanasheria wa Massachusetts, Marekani, aliyeueleza katika kitabu chake kuhusu uondoaji wa maji mashambani kilichochapishwa 1859. Wakati huo hapakuwa na kitambaa. Mawe yalipangwa kwa ukubwa mbalimbali ili yachujane. Udongo uliingia polepole na, baada ya miaka, mtaro ukaziba. Kitambaa kiliongeza uhai wa mtaro huo na kupunguza aina za mawe zinazohitajika.

Ufundi huu haukomei kwenye reli. Mtaro kama huo unaweza kukausha msingi wa shule iliyojengwa kwenye bonde, kuokoa barabara ya sokoni, au kukinga chemchemi isichafuliwe na tope.

Reli zetu zilivyojengwa

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Njia ya kupitia Eldoret ilijengwa katika miaka ya 1920, na reli ikafika Kampala mwaka wa 1931. Zote zilijengwa kwa upana wa mita moja, na zote zilijengwa kabla kitambaa hiki hakijakuwepo. Kilichozilinda ni mitaro, makalavati, kokoto safi na vikundi vya wafanyakazi waliopewa sehemu maalumu za njia wazitunze kila siku.

Matunzo hayo yalipodorora, tope lilianza kurudi. Njia ya Nakuru hadi Kisumu, yenye urefu wa kilomita 217, ilikaa kwa miaka bila garimoshi la abiria hadi ilipokarabatiwa na safari kurejea mnamo Desemba 2021.

Ukarabati wa njia kongwe ndipo mahali ambapo jiotekstaili huwa na faida ya wazi. Kokoto zilizochafuka zinapoondolewa, shimo huwa limekwisha kufunguliwa. Kuongeza mchanga na kitambaa wakati huo hugharimu sehemu ndogo ya kazi nzima. Kurejea miaka mitatu baadaye kufukua mahali pale pale hugharimu kazi nzima upya.

Kwa upande wa reli za kisasa, mahitaji ni makubwa zaidi. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ina upana wa milimita 1,435 na ilisanifiwa kubeba tani 25 kwa kila ekseli. Mzigo mkubwa na mwendo wa kasi huvumilia kasoro chache katika udongo ulio chini. Mpango wa kuifikisha reli hiyo Kisumu na Malaba, ambao umejadiliwa kwa miaka mingi, unamaanisha kupita katika udongo wa uwanda wa Kano na katika milima yenye mvua nyingi ya Magharibi.

Pale kitambaa kinapokwama

Ni muhimu kusisitiza kwamba jiotekstaili si dawa ya kila ugonjwa wa reli.

Kwanza, kitambaa peke yake hakiwezi kuzuia tope la ufinyanzi. Chembe za udongo huo ni ndogo mno kuliko vitundu vyake, na garimoshi likiendelea kukanyaga, tope hupenya. Wahandisi wa Uingereza walijifunza hayo kwa vitendo, na hadi leo hutumia tabaka la mchanga uliochaguliwa vyema pamoja na kitambaa. Mchanga ndio unaochuja chembe ndogo zaidi; kitambaa huushikilia mchanga mahali pake.

Pili, kitambaa hakifai kitu ikiwa maji hayana pa kwenda. Mtaro usio na mteremko, au uliozibwa na magugu na takataka, hugeuza kazi yote kuwa bwawa lililofichwa.

Tatu, kitambaa hushughulikia maji yanayopenya polepole. Hakiwezi kushindana na mafuriko. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalifurika katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya kupitishia maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na udongo, mawe na miti, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakalipasua.

Nchini Tanzania, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 huko Kilosa, mkoani Morogoro, yalibomoa sehemu ya Reli ya Kati kando ya mto Mkondoa na kukatiza safari kwa miezi kadhaa. Katika visa vya aina hiyo, tiba ni madaraja na makalavati yenye ukubwa wa kutosha, usafishaji wake kabla ya masika, na utunzaji wa misitu na mashamba yaliyo juu ya mto. Tuta la reli lisilopitisha maji ni bwawa, hata kama halikukusudiwa kuwa bwawa.

Suala la mazingira nalo halikwepeki. Jiotekstaili nyingi ni plastiki. Zikizikwa vyema hudumu kwa miongo mingi, lakini vipande vinavyobaki juu ya ardhi huchakaa na kusambaa mashambani na mitoni. Mwanakandarasi anapaswa kuviokota.

Kwa kazi za muda, nyuzi za asili zinaweza kutosha. India na Bangladesh hutumia vitambaa vya juti kushikilia mitelemko ya udongo hadi nyasi ziote, kisha vitambaa hivyo huoza bila madhara. Kenya na Tanzania ni wakulima wa katani wa miaka mingi, na pwani yetu ina makumbi ya nazi. Mikeka ya nyuzi hizo kwenye mitelemko ya reli na barabara ingewapa wakulima soko jingine, ingawa haiwezi kuchukua nafasi ya kitambaa kinachotakiwa kudumu chini ya kokoto.

Maswali ya kuuliza

Kazi inayozikwa ni rahisi kuibiwa. Kitambaa chepesi kikitumiwa badala ya kizito, au kikikosekana kabisa mahali kilipolipiwa, hakuna mpita njia atakayejua mpaka masika ya pili au ya tatu. Kwa hivyo, kamati za wananchi, madiwani na wanahabari wanaotembelea miradi ya reli au barabara wanapaswa kujua la kuuliza kabla kokoto hazijamwagwa.

Je, udongo wa mahali hapa ulipimwa, na matokeo yako wapi? Kitambaa kilichoandikwa katika kandarasi kina uzito gani kwa kila mita mraba, na robota zilizoletwa zina lebo inayolingana na maandishi hayo? Zimehifadhiwa wapi? Vipande vimepishana kwa kiasi gani? Maji ya mtaro huu yanaishia wapi, na nani atausafisha baada ya mwanakandarasi kuondoka?

Swali hilo la mwisho ndilo zito zaidi, kwa sababu fedha za ujenzi hutengwa kwa sherehe ilhali za matunzo hupunguzwa kimyakimya.

Kakamega haikosi wa kuyauliza. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hufundisha uhandisi mjini humo, na huko Ikolomani, jirani na Malinya, kuna chuo cha kitaifa cha ufundi cha Sigalagala. Vijana wanaohitimu huko ndio watakaokabidhiwa usimamizi wa barabara na reli za eneo hili. Wakiwa bado masomoni, wanaweza kupima udongo wa vijiji vyao na kujenga mtaro mmoja wa majaribio kwenye njia inayojaa maji kila mwaka. Mita 20 zinatosha kuonyesha tofauti kabla ya masika kwisha.

Usiposoma alama za tope kwenye kokoto leo, utalipia daraja kesho. Wahenga walikwisha kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.